Saa za Kiwandani: Waingereza Walivyopokonywa Wakati Wao na Walivyoudai

Ndugu msomaji, kila ifikapo Jumamosi jioni hutokea katika miji yetu jambo ambalo sisi tunaosimamia misikiti tunalijua vyema. Safu za Magharibi hupungua. Vijana wamebanana katika vibanda umiza wakitazama mpira wa Uingereza, kwa sababu katika miezi ya baridi ya Ulaya mchezo unaoanza saa tisa alasiri kwa saa za London huwa kwetu ni saa kumi na mbili jioni, jua likiwa karibu kuzama. Hayo tumekwisha kuyasema mimbarini mara nyingi, na leo hatukukusudia kuyarudia. Leo tunataka kulijibu swali la kijana mmoja aliyetusimamisha baada ya darsa, akatuuliza kwa adabu: "Sheikh, hao Waingereza kwa nini walichagua Jumamosi, tena saa tisa? Mbona hawakuchagua Jumapili, siku yao ya mapumziko?"

Tulimwomba atupe wiki moja. Swali lilikuwa dogo, lakini jibu lake limo ndani ya habari ndefu ya taifa ambalo watu wake wanyonge walipokonywa wakati wao, kisha wakakaa miaka hamsini wakiudai, saa baada ya saa.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya viwanda. Katikati ya karne ya 18 Mwingereza wa kawaida aliishi shamba, na siku yake aliipima kwa kazi yenyewe, wala si kwa saa. Sisi tuliosoma vyuoni zamani hatupati taabu kulifahamu hilo. Mwalimu wetu hakuwa na saa ukutani. Alikuwa na kijiti alichokisimika uani, na kivuli chake kilipofikia urefu wa kijiti chenyewe, ukiongeza kile cha adhuhuri, alijua kuwa Alasiri imeingia, nasi tukafunga juzuu zetu. Mfumi wa Lancashire au Yorkshire naye aliishi maisha yaliyofanana na hayo. Kitanda cha kufumia kilikuwa nyumbani mwake. Mkewe na watoto walisokota uzi, na mfanyabiashara alileta sufu au pamba na kuichukua nguo ikiwa tayari. Siku za mwisho wa juma alijitahidi mpaka usiku ili amalize mzigo, na Jumatatu hakugusa kitu. Desturi hiyo ya kustarehe Jumatatu ilienea miongoni mwa mafundi hata wakaiita, kwa mzaha, Jumatatu Takatifu, kana kwamba ilikuwa sikukuu ya mmoja wa watakatifu wao.

Hatusemi kwamba hali hiyo ilikuwa pepo. Watoto walifanya kazi nyumbani pia, njaa ilikuwapo, na sehemu kubwa ya Jumatatu hiyo iliishia katika vilabu vya pombe. Lakini wakati ulikuwa milki ya mwenyewe: akitaka kuupoteza, aliupoteza yeye.

Mambo yalianza kugeuka katika muda wa miaka michache tu. Kiasi cha mwaka 1764 James Hargreaves wa Lancashire aliunda mashine iliyowezesha mtu mmoja kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja. Mwaka 1769 Richard Arkwright, mtu ambaye awali alikuwa kinyozi na mtengeneza nywele za bandia, aliandikisha mashine ya kusokota iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji, na katika mwaka huohuo James Watt aliandikisha maboresho yake ya injini ya mvuke. Mwaka 1771 Arkwright alianza kujenga kiwanda chake huko Cromford, katika jimbo la Derbyshire, kando ya mto. Hapo ndipo jambo jipya lilipoonekana. Mtambo ulikuwa umegharimu fedha nyingi, na maji hayakuacha kutiririka usiku, kwa hiyo mwenye mali hakuona sababu ya mtambo kulala. Kazi ilipangwa kwa zamu mbili za saa kumi na mbili, mchana na usiku, na wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake na watoto. Kengele ndiyo iliyoamuru. Kinyozi yule alikufa tajiri mkubwa, naye alikwisha kutunukiwa cheo cha heshima na mfalme.

Viwanda vya kwanza vilijengwa palipo na mito, mara nyingi mbali na miji, na wazazi hawakuwa tayari kuwapeleka watoto wao huko. Wenye viwanda wakawageukia watoto wasio na wazazi. Katika miji ya Uingereza kila parokia ilikuwa na nyumba ya maskini, na mayatima waliolelewa humo walikuwa mzigo wa fedha kwa walipa kodi. Wakatolewa kwa mikataba, makundi kwa makundi, wakasafirishwa kwa magari ya farasi.

Mmoja wao alikuwa Robert Blincoe. Mwaka 1799, akiwa na umri wa miaka saba hivi, alichukuliwa kutoka nyumba ya maskini ya St Pancras, London, pamoja na watoto wapatao 80, akapelekwa kiwanda cha pamba karibu na Nottingham. Kabla ya safari waliambiwa kwamba huko waendako watakula nyama ya kuchoma na vitu vitamu, na watapanda farasi wa mabwana zao. Watoto walifurahi, wakaona wamebahatika. Walichokikuta ni kazi ya saa kumi na nne kwa siku na fimbo ya nyapara. Mashine ilimkata Blincoe sehemu ya kidole, akafungwa kitambaa na kurudishwa kazini. Baadaye alihamishiwa kiwanda kingine huko Litton, Derbyshire, ambako mateso yalizidi, na hakuwa huru mpaka alipotimiza miaka 21. Habari zake zilichapishwa mwaka 1828, zikasomwa na watu wengi. Tuongeze, kwa kuwa msomaji atataka kujua, kwamba mtu huyu aliishi mpaka mwaka 1860, akafanya biashara ndogo ya mabaki ya pamba Manchester, akamsomesha mwanawe mpaka Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwana huyo akawa kasisi.

Sheria ya kwanza ilipitishwa mwaka 1802. Aliyeipeleka Bungeni alikuwa Sir Robert Peel, baba wa yule waziri mkuu wa baadaye, naye mwenyewe alikuwa mwenye viwanda na mwenye watoto wa aina hiyo viwandani mwake. Sheria ilisema kwamba mtoto wa mkataba asifanye kazi zaidi ya saa kumi na mbili, kazi ya usiku ikomeshwe, na watoto wafundishwe kusoma. Maneno mazuri, ila hapakuwa na mtu wa kulipwa aliyepewa kazi ya kuyasimamia. Isitoshe, injini ya mvuke haikuhitaji mto. Viwanda vipya vilihamia Manchester, Leeds na Bradford, ambako watoto wa maskini walikuwa wengi na waliletwa na wazazi wao wenyewe. Watoto hao hawakuwa wa mkataba, kwa hiyo sheria haikuwagusa. Ya mwaka 1819 iliwagusa wa viwanda vya pamba, ikakataza kuwaajiri walio chini ya miaka tisa, nayo pia ilikosa wasimamizi.

Wapo waliojaribu kuupinga mtambo kwa nyundo. Kuanzia mwaka 1811 mafundi wa Nottingham, Yorkshire na Lancashire, waliojiita wafuasi wa Ludd, walivamia karakana usiku na kuvunja mashine. Serikali ikafanya kosa hilo kuwa la kunyongwa, na mwezi Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York. Wafumi wa mikono waliobaki walipungukiwa na ujira mwaka hadi mwaka mpaka wakatoweka.

Sasa tufike kwa mtu ambaye tunadhani anastahili kujulikana na wasomaji wetu. Jina lake ni Richard Oastler. Hakuwa mwanamapinduzi wala maskini. Alikuwa msimamizi wa mashamba ya tajiri mmoja huko Fixby, karibu na Huddersfield, mshika dini, mpenda mfalme, na mpinzani mkubwa wa utumwa uliokuwapo katika visiwa vya Karibi. Mwezi Septemba 1830 alilala nyumbani kwa rafiki yake John Wood, mwenye kiwanda cha sufu mjini Bradford. Kwa masimulizi ya Oastler mwenyewe, mwenyeji wake alimwita kabla ya mapambazuko, akamkuta ameketi na Biblia mbele yake. Wood alimweleza kwamba hakupata usingizi, na kwamba kila ukurasa alioufungua aliona unamhukumu yeye, kwa ajili ya watoto wanaofanya kazi katika kiwanda chake. Alimtaka Oastler aahidi kwamba atatumia nguvu zake zote kuiondoa dhuluma hiyo. Oastler aliahidi. Alikuwa ameishi karibu na viwanda hivyo kwa miaka mingi, na hakuwa ameuliza kinachotendeka ndani.

Barua aliyoiandika ilichapishwa katika gazeti la Leeds Mercury tarehe 16 Oktoba 1830. Hoja yake ilikuwa kwamba wakubwa wa Yorkshire wanaohudhuria mikutano na kuwalilia watumwa wa ng'ambo wanapita kila asubuhi mbele ya watoto wa miaka saba wanaopelekwa kiwandani, wala hawawaoni. Aliuita huo utumwa wa Yorkshire. Hapa tunaomba tusimame kidogo. Sisi wa pwani hii, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, tunajua kuwa ulinganisho huo haukuwa sawasawa. Mtoto wa Bradford hakuuzwa mnadani, wala wajukuu wake hawakuzaliwa wakiwa mali ya mtu. Na tukumbuke kuwa sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa Lancashire ililimwa na watumwa wa Marekani. Lakini barua ile iliwashitua Waingereza kwa sababu iliwagusa mahali walipojiona wasafi.

Mwaka 1832 mbunge Michael Sadler, rafiki wa Oastler, aliongoza kamati ya Bunge iliyowasikiliza watu wa viwandani. Miongoni mwa mashahidi alikuwa mwanamke wa Leeds, Elizabeth Bentley, aliyekuwa na umri wa miaka 23. Alieleza kwamba aliingia kiwanda cha kitani akiwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuondoa vibiringo vilivyojaa uzi na kuweka vitupu, akikimbia kutoka mashine moja hadi nyingine. Kazi ikiwa nyingi, walianza saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu usiku, na mapumziko yalikuwa dakika 40 za mchana. Aliyechelewa au kulegea alipigwa kwa mkanda. Mwili wake ulipinda angali msichana, na siku alipotoa ushahidi alikuwa akiishi katika nyumba ya maskini.

Lakini jambo lililotugusa zaidi katika ushahidi wake ni hili. Wajumbe walimuuliza kama nyumbani kwao kulikuwa na saa. Alijibu kuwa haikuwapo. Mama yake aliamka usiku, akasikiliza nyayo za wachimba makaa ya mawe ambao hupita njiani kiasi cha saa tisa au saa kumi, akatoka nje kuwauliza wakati. Mara nyingine alikosea, na mtoto alifika langoni saa nane ya usiku, mvua ikinyesha, akasimama nje mpaka kiwanda kilipofunguliwa.

Ndugu msomaji, hebu itafakari hali hiyo. Mwenye kiwanda ndiye pekee mwenye saa. Mashahidi wengine walilalamika kuwa saa hiyo ilisogezwa mbele asubuhi na kurudishwa nyuma jioni, na mfanyakazi hakuwa na chake cha kulinganishia. Miaka iliyofuata ilizuka hata kazi mpya katika miji ya Lancashire, ya kuwaamsha watu kwa malipo. Mwamshaji alipita mitaani alfajiri na fimbo ndefu, akigonga madirisha ya ghorofani mpaka aliyelala ajitokeze. Sisi tunaowajua wapiga ngoma za daku tunaweza kuipata sura yake, ingawa wa kwetu huamsha watu mwezi mmoja kwa mwaka, na huwaamsha kula.

Je, ushahidi wa kamati ya Sadler ni wa kuaminika? Swali hili liliulizwa wakati uleule, nasi tuliofundishwa kumpima msimulizi kabla ya kuipokea habari yake hatuwezi kulipita. Wapinzani walisema kuwa mashahidi hawakuapishwa, kuwa walichaguliwa na upande mmoja, na kuwa wenye viwanda hawakupewa nafasi ya kujibu. Lawama hizo zina uzito. Kwa ajili hiyo serikali iliunda tume nyingine mwaka 1833, ikazunguka viwandani, na iliyoiomba tume hiyo ni upande wa wenye viwanda. Hata hivyo, tume nayo ilirudi ikisema kwamba watoto wanafanya kazi kwa saa sawa na watu wazima, kwamba wanadhurika, na kwamba sheria ni lazima. Habari inapothibitishwa na njia mbili zilizohasimiana, sisi huipokea.

Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Waingereza ilitiwa saini tarehe 28 Agosti 1833, na sheria ya viwanda tarehe 29, siku moja baadaye. Kwa ile ya kwanza, wenye watumwa walipewa fidia ya pauni milioni 20, na watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Kwa ile ya pili, watoto wa chini ya miaka tisa walikatazwa kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, wa miaka 9 hadi 13 wakawekewa ukomo wa saa 48 kwa wiki, na saa mbili za masomo kila siku. Safari hii waliteuliwa wakaguzi wa kulipwa, wanne kwa nchi nzima.

Utekelezaji ulikuwa na vituko vyake. Uandikishaji wa vizazi wa serikali haukuanza nchini humo mpaka mwaka 1837, kwa hiyo hapakuwa na cheti cha kuonesha umri wa mtoto. Madaktari walikadiria kwa urefu, na wengine wakashauri mtoto afunguliwe kinywa na kuhesabiwa meno. Wazazi wengi walidanganya umri wa watoto wao. Tusiwe wepesi wa kuwahukumu: ujira wa mtoto ndio uliokuwa mkate wa siku hiyo, na sheria iliyoondoa ujira huo haikuleta kitu cha kuuziba.

Waliotaka siku ya saa kumi kwa vijana na wanawake hawakuridhika. Wakati wa Pasaka mwaka 1832 maelfu ya watu walikwisha kutembea kwa miguu, mvuani, kutoka Leeds, Bradford na Huddersfield mpaka York kuidai. Kasisi George Bull wa Bierley alihutubia mikutano yao. Waliosimama upande wa pili hawakuwa wajinga. Mwaka 1837 Nassau Senior, aliyepata kuwa profesa wa uchumi Oxford, aliandika kwa hesabu kwamba faida yote halisi ya kiwanda hutoka katika saa ya mwisho ya siku ya kazi, hivyo ukiikata saa hiyo umeua viwanda vya nchi. Hata John Bright wa Rochdale, mtu wa dini aliyechukia utumwa na vita, aliipinga sheria ya saa kumi, na yeye mwenyewe alitoka katika ukoo wenye kiwanda cha pamba. Mtu anaweza kuwa mwadilifu katika mambo kumi yaliyo mbali naye na akashindwa katika moja lililo mlangoni pake.

Oastler alilipa gharama. Bwana wake alimfukuza kazi mwaka 1838, akamdai deni lililotokana na usimamizi wa yale mashamba, na mwaka 1840 akafungwa gerezani London kwa kushindwa kulilipa. Alikaa humo zaidi ya miaka mitatu, akitoa jarida lake kila wiki kutoka gerezani, mpaka marafiki walipochanga fedha na kumtoa mwaka 1844. Sadler alikwisha kushindwa katika uchaguzi wa Leeds tangu 1832 na kufariki mwaka 1835. Katika muda huohuo migodini mambo yalikuwa mabaya zaidi: tarehe 4 Julai 1838 maji ya mvua yaliingia katika mgodi mmoja wa Silkstone, Yorkshire, yakawaua watoto 26, wavulana na wasichana. Mwaka 1842 Bunge lilikataza wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka kumi kufanya kazi chini ya ardhi.

Sheria ya saa kumi ilipitishwa mwezi Juni 1847. Aliyeifikisha mwisho alikuwa mbunge John Fielden wa Todmorden, mwenye kiwanda kikubwa cha pamba, ambaye alianza kazi katika kiwanda cha baba yake akiwa na miaka kumi na hakuusahau uchovu ule. Viwanda havikufa. Pamba ya Lancashire iliendelea kukua kwa miongo mingi baada ya hapo, na hesabu za profesa zikabaki vitabuni.

Wenye viwanda walitafuta upenyo kwa kuwapanga watu kwa zamu za kupokezana, hata mkaguzi asijue nani ameanza lini. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1850, nayo ndiyo funguo ya swali letu. Ilikuwa ya maafikiano. Wafanyakazi walikubali nusu saa zaidi kila siku, na badala yake sheria ikataja saa za kufungua na kufunga: kazi iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, pamoja na saa moja na nusu ya kula, au saa moja mpaka saa moja wakati wa baridi. Na Jumamosi kazi ikome saa nane mchana. Sheria iliwataja wanawake na vijana tu, lakini wao ndio waliokuwa wengi kiwandani, na wakiondoka, wanaume hawakuweza kuendesha mitambo peke yao. Mtambo ulizimwa kwa wote.

Basi mfumi wa Blackburn alitoka kiwandani Jumamosi saa nane, akafika nyumbani, akanawa vumbi la pamba, akala, akatembea mpaka uwanjani. Saa tisa alikuwa amefika. Jumapili haikuwezekana, kwa kuwa ilikuwa siku ya kanisa, na pia ya zile shule za Jumapili zilizoenea tangu Robert Raikes alipofungua ya kwake Gloucester mwaka 1780, ambazo kwa watoto wengi wa viwandani ndizo zilizokuwa shule pekee.

Vilabu ambavyo vijana wetu wanavitaja kwa mapenzi makubwa vilizaliwa katika alasiri hiyo. Aston Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Wamethodisti. Everton ilianza mwaka 1878 vivyo hivyo. Manchester United ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli wa Newton Heath, mwaka 1878. Arsenal ni timu ya wafanyakazi wa karakana ya silaha ya Woolwich, mwaka 1886, na jina lake hilo maana yake ni ghala la silaha. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, daar as-sinaa, nyumba ya kazi za mikono, jambo ambalo tulipowaambia vijana wa darsa liliwafurahisha kuliko yote tuliyowafundisha mwezi huo. Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu yenye wafumi na wasokotaji, iliwafunga wanafunzi wa zamani wa Eton, watoto wa mabwana, magoli mawili kwa moja, na kombe likaenda kaskazini. Ligi yenyewe ilianzishwa mwaka 1888 kwa timu 12, sita za Lancashire na sita za majimbo ya kati.

Ligi hiyo isingewezekana bila reli, na hata maneno "saa za London" tuliyoyatumia mwanzo ni zao la reli. Zamani kila mji ulifuata jua lake, na Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi hivi. Reli ya magharibi ilianza kutumia saa ya London mwaka 1840, na mwaka 1880 ikawa saa ya kisheria. Mjini Bristol ipo mpaka leo saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa mji na mmoja wa London.

Jambo moja tusilifiche. Wako mabwana walioitoa nusu siku ya Jumamosi kwa hiari, na sababu yao ilikuwa kuimaliza ile Jumatatu Takatifu. Walimwambia fundi: chukua alasiri ya Jumamosi, uje kazini Jumatatu ukiwa na akili zako. Walifaulu, na Jumatatu ya zamani ikafa. Kwa hiyo kilichopatikana hakikuwa wakati uleule uliopotea. Mfumi wa zamani alichagua mwenyewe siku ya kupumzika, na mjukuu wake alipangiwa.

Kijana wetu alirudi baada ya wiki, akasikiliza yote haya mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na wale watoto, Sheikh, waliachwa lini?" Tulimweleza kuwa sheria ya mwaka 1844 iliwapa watoto nusu siku ya kiwanda na nusu siku ya shule, na utaratibu huo ukadumu. Umri wa kuanza ulipandishwa polepole, ukafika miaka 12 mwaka 1899. Sheria ya elimu ya mwaka 1918 ndiyo iliyoufuta, na utekelezaji wake ukakamilika mwaka 1921. Kwa hiyo mwaka ule wa 1888, ligi ilipoanza, katika miji ileile ya Lancashire walikuwapo watoto wa miaka kumi walioingia kiwandani saa kumi na mbili asubuhi na kwenda shule mchana, na walimu walilalamika kwa wakaguzi kwamba watoto wa zamu ya asubuhi hulala juu ya madawati.